Shimo Lisilojaa

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha, nawachorea watoto wa darasa la tano mzunguko wa maji. Naanza na jua kwenye kona ya ubao, nachora ziwa, mishale ya mvuke ikipanda, wingu, milima ambayo Tabora haina, kisha mvua. Kutoka kwenye mvua nachora mshale mmoja unaozama, na pembeni yake naandika: maji ya ardhini. Kwa miaka yote niliyofundisha mshale huo uliishia hapo. Chaki ilikuwa imefika chini ya ubao, na mimi ni mwalimu asiyependa maswali mengi, watoto wanalijua hilo.

Siku hizi nikifika kwenye mshale ule mkono unakuwa mzito. Naona haya mbele ya watoto wa miaka kumi na moja wasiojua lolote. Wananiangalia wakisubiri nimalize ili wanakili, nami nawapa mgongo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Nyumba yetu iko Kanyenye, nyuma ya maduka. Ua wake una mteremko mdogo ambao huwezi kuuona mpaka umwage maji, na mteremko huo unaelekea kwa jirani. Kati ya ua wetu na wake kuna ukuta wa matofali, na ukutani kuna mlango wa mbao ambao sijawahi kuuona una komeo. Upande wa pili wa mlango huo ndiko kilikokuwa kisima.

Mwenye kisima nilimwita Mama mkubwa, na bado namwita hivyo, ingawa hatuna undugu wa damu. Mama yangu alipoolewa na kuletwa Kanyenye kutoka Tura, hakumjua mtu. Mwanamke wa upande wa pili wa ukuta akamfungulia mlango ule, akampa ndoo na kamba, na tangu siku hiyo wakaitana dada. Sasa ni mjane, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kazi yake aliirithi kwa mama yake. Anaosha maiti za wanawake. Nyumba ikifiwa na mama, dada au binti, mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye.

Hata kumtafuta kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Mtaani kwetu, ukifiwa na mwanamke, hukwenda kumweleza Mama mkubwa kwa maneno. Ulichukua ndoo tupu, ukaiweka kwenye ukingo wa kisima, ukarudi nyumbani kulia. Akiikuta anajua, na kilio kinamwonyesha nyumba. Anateka maji, anayafunika kwa kitambaa cheupe, anachuma majani ya mkunazi uani kwake, anakuja.

Maji yalikuwa ya kisima kile na si mengine. Wanasema babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akaugua hapa, wenzake wakaendelea na safari ya Ujiji bila yeye. Alipopona akachimba kisima, akakiweka wakfu. Tangu hapo maji yake hayauzwi na anayebisha hodi na ndoo hanyimwi. Wachukuzi wa misafara walikunywa hapo, wakafuatia wafanyakazi wa reli, halafu sisi.

Mama yangu alikipenda kisima kile kwa namna ambayo mimi, niliyezaliwa kimekwisha kuwepo, sikuielewa. Tura ya utoto wake kiangazi ilikuwa ni kwenda mtoni kusiko na maji, kufukua mchanga kwa mikono mpaka kiwiko, na kukaa kando ya shimo kungoja lilie kikombe kimoja. Alikuwa akisema neno minzi, maji kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini kama mtu anayemtaja mkwe. Mpaka uzeeni, akinywa, masalio hakuyamwaga chini. Aliyamimina kwenye mmea.

Maji ya ziwa yalipofika mjini kwa bomba, mtaa mzima ulifurahi, ingawa wachache ndio tuliomudu kuyavuta, na mimi nilifurahi kuliko wote. Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni magoti ya Mama. Choo chetu kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, mwisho wa ua, na alikuwa amefikia umri wa kushikwa mkono akienda na kushikwa mikono miwili akirudi. Sababu ya pili siipendi, lakini ilikuwa na nguvu zaidi. Nilitaka choo cha ndani chenye marumaru. Walimu wenzangu wawili wa kule Cheyo walikuwa navyo, na kila nilipowatembelea nilirudi nimenuna.

Choo cha ndani kinataka shimo nje la kupokea maji yake. Mahali pa busara palikuwa mbele, karibu na geti, mbali kabisa na ukuta wa jirani. Lakini huko kila mgeni angekanyaga mfuniko wake akiingia. Nikaamua lichimbwe nyuma, penye kificho. Nilipima kwa miguu yangu mwenyewe. Kutoka shimoni mpaka mlango wa ukuta hatua saba, kutoka mlangoni mpaka kisimani hatua tano. Kwenye daftari za watoto ninaowafundisha imeandikwa kwamba choo kiwe hatua zisizopungua thelathini kutoka kisimani, tena kiwe upande wa chini. Waliandika hivyo kwa sababu mimi niliandika hivyo ubaoni. Najua kujumlisha saba na tano.

Fundi alichimba mwezi wa kumi, ardhi ikiwa kavu kama unga. Alipita mchanga, akapita kokoto nyekundu, na chini kabisa akakuta mwamba. Akapanda ngazi, akajifuta jasho, akaniambia mwamba ule umepasuka, ufa unaingia mkono. Alishauri tumwage zege sakafuni na kulifunga shimo lote.

Nilimwambia likifungwa litajaa, na likijaa nitaita gari la kunyonya maji taka lisimame mbele ya nyumba yangu mchana kweupe. Mtaani kwetu shimo zuri ni lile linalokunywa. Watu wanalisifia shimo kama wanavyosifia ng'ombe wa maziwa: la fulani linakunywa, la fulani halijajaa tangu lichimbwe.

"Litakunywa, Mwalimu," fundi alisema. "Ila likishakunywa linapeleka wapi?"

Nikamjibu kwa sauti yangu ya darasani kwamba udongo huchuja. Nikamweleza jaribio tunalofanya na watoto, chupa iliyokatwa, kokoto, mkaa na mchanga, unamimina maji ya tope juu na chini yanatoka meupe. Mtoto wake alikuwa amepita mikononi mwangu, basi akainamisha kichwa. Sikumwambia kwamba katika jaribio lile huwa hatumwagi kinyesi, na kwamba katika chupa hatuweki ufa. Alimimina pipa zima la maji ili tujaribu. Kabla hajamaliza kuviringisha mpira wa kumwagia, maji yote yalikuwa yamekwisha kuzama. Tukacheka kwa furaha, wote wawili.

Mama alikaa kwenye choo kile kipya akaniombea dua. Mimi nikavimba kichwa. Kwenye harusi, kwenye hitma, kwenye vikao vya walimu, mazungumzo yakifika kwenye ujenzi nilipata nafasi ya kusema kwamba shimo langu halijai. Choo cha zamani kilikuwa kikavu, kilichoingia humo kilikaa humo. Hiki tulikivutia maji mara kumi na zaidi kwa siku, na juu yake maji ya kuoga, ya kufulia na ya kudeki. Maji yale mengi ndiyo yaliyozipa taka zetu miguu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Mwezi wa pili maji ya kisima yalipanda mpaka kamba ya kutekea ikawa nusu yake haina kazi. Asubuhi moja Mama mkubwa aliniita mlangoni, uso umechangamka, akaninyooshea kata ya maji ninuse. Alisema kisima kimeanza kutoa harufu ya ndimu. Wanawake wawili waliokuwa na ndoo zao walikuwa wakicheka, mmoja akisema labda ni baraka za babu, mwingine akisema basi tusinunue tena ndimu za chai.

Nilinusa. Ilikuwa sabuni yangu ya maji, ile ya kudekia choo, yenye picha ya ndimu mbili kwenye kopo. Nilikuwa nimedeki jioni ya jana yake.

Ningekuwa mtu, ningesema palepale. Nilisema kumbe kweli, nikarudi ndani. Wiki ile nikaacha sabuni ya ndimu, nikachukua isiyo na harufu. Ndicho nilichofanya, na sikufanya kingine. Siku chache baadaye Mama mkubwa alilalamika kwa utani kwamba babu amechukua ndimu zake, nami nikacheka naye nimeegemea ukuta, huku nyuma yangu, hatua saba, mfuniko wa zege ukikauka juani.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini. Kufukua na kujenga upya kungewezekana. Nilichoogopa ni ile njia ya kutoka shimoni kwangu mpaka kisimani, hatua kumi na mbili, na kusema mbele ya wanawake wenye ndoo kwamba Mwalimu, anayewafundisha watoto wao kunawa mikono, amewanywesha choo chake. Nikajiambia mvua zikikatika maji yatashuka chini ya ufa na kisima kitajisafisha. Kiangazi kikaja, maji yakashuka kweli, nikajisamehe.

Jambo moja nililitenda kwa ajili ya Mama, na ndilo linalonishtaki kuliko yote, kwa sababu linaonyesha nilijua. Tangu siku ya ndimu sikumnywesha tena maji ya kisimani. Nilijaza mtungi wake kwa maji ya bomba, na alipouliza nikamwambia ni ya kwa dada yake. Alikunywa mafunda mawili, akaniangalia.

"Haya si ya kisimani," alisema.

Nikamwambia ulimi wake umezeeka. Lakini tangu siku hiyo alikuwa akinywa kidogo tu, kwa adabu, kama mgeni, na masalio hakuyamimina tena kwenye mmea. Aliyaacha kikombeni. Nyumba nyingine zote za mtaa niliziacha ziendelee kuteka.

Alifariki masika yaliyofuata, alfajiri, kwa uzee, baada ya siku tatu za kutokula. Siku ya pili kati ya hizo tatu, akili ikiwa bado timamu, alinishika mkono akaniambia aoshwe kwa maji ya kisima cha dada yake, asioshwe kwa maji ya bomba. Nilisema ndiyo. Ningesema nini?

Kulipopambazuka nikachukua ndoo tupu. Nilipita mlango wa ukuta na kuiweka kwenye ukingo. Kisima kilikuwa kimejaa hivi kwamba niliona uso wangu ndani yake karibu sana, umevimba kwa kulia. Nikasimama pale. Ningeweza kuiondoa ile ndoo. Mama mkubwa akatoka na kanga yake begani, akaiona, akakaa chini kwenye jiwe akalia kwanza kama dada, kisha akasimama kama mwosha.

Kabla ya kuosha, maji hukaguliwa. Alinifundisha hayo siku ile ile, kwa vile nilikuwa binti na ningesaidia kumwagia. Huangaliwa rangi, hunuswa harufu, huonjwa ladha, na kimoja kikibadilika kwa uchafu maji hayafai. Aliangalia rangi akaridhika. Akachovya kidole, akaonja, akasita kidogo. Kisha akainama kunusa, akainuka akitikisa kichwa.

"Pua yangu imekufa siku hizi," alisema. "Wewe una pua nzima, mwanangu. Nusa."

Nikapiga magoti kando ya ndoo, nikanusa. Kafuri ilikuwa haijatiwa, mkunazi ulikuwa bado haujatwangwa. Harufu ilikuwepo. Haikuwa kali, mtu asiyeijua angeipita, lakini mimi niliijua ilikotoka. Mama yangu alikuwa amelala nyuma yangu amefunikwa shuka.

"Yako sawa, Mama mkubwa," nilisema.

Tukamwosha. Yeye aliosha, mimi nilimwaga, kata baada ya kata, upande wa kulia, upande wa kushoto. Maji yalikuwa vuguvugu kidogo. Nilimimina kwenye nywele zake, kwenye masikio, kwenye yale magoti niliyosema kwamba nimejenga kwa ajili yake. Kafuri ilipotiwa, mwisho, harufu yake ikajaza chumba na sikuweza tena kunusa kitu kingine. Niliishukuru kafuri, na huko kushukuru naona haya nako mpaka leo.

Baada ya mvua zile watoto wa nyumba za chini wakaumwa matumbo kwa mfululizo. Wote walipona. Bwana afya akaja, akachukua maji ya kisima kwenye vichupa, na baada ya siku chache akarudi akasema yana uchafu wa choo. Akazunguka ua wa Mama mkubwa. Choo chake cha zamani kiko pembeni ya ukuta wake, si mbali. Akakinyooshea kalamu akasema ndicho.

Kisha akabisha hodi kwangu, kwa kuwa sheria ilimtaka aangalie na majirani. Nilimkaribisha sebuleni. Nikamwonyesha bomba, nikamwonyesha marumaru, nikamtengea chai. Aliuliza shimo liko wapi, nikasema nyuma, limejengewa. Alisema laiti watu wote wangekuwa na vyoo kama cha Mwalimu. Hakwenda nyuma. Simlaumu hata kidogo, alimwamini mtu aliyestahili kuaminiwa kwa kazi yake. Alasiri ile kisima kikafunikwa kwa mabati na mawe.

Mama mkubwa hakulilia kisima. Alililia maiti. Alikwenda kwa sheikh kuuliza hukumu ya wale aliowaosha kwa maji yale, na sheikh akamtuliza, akamwambia asiyejua hana kosa, wameoshwa na wamepokelewa inshallah. Akashukuru. Hata hivyo alijitanda, akaanza kupita nyumba moja moja zilizofiwa katika miaka miwili ya mwisho ya kisima, kuomba msamaha. Nilimwona kupitia dirishani akitoka na kurudi, siku nne, mgongo umepinda kuliko kawaida. Watu walilia naye na kumsamehe. Wengine walimsamehe kwa mdomo tu, na akipita walikuwa wakikitazama choo chake.

Kwangu alikuja mwisho, kwa kuwa mimi ni wa karibu. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka, akanishika miguu. Nikamwambia asifanye hivyo.

"Niache," alisema. "Nilimwosha dada yangu kwa najisi ya choo changu. Nisamehe kwa niaba yake."

Nilisema, "Nimekusamehe."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Sikulazimishwa, sikukosea. Yeye akafuta machozi, akaniangalia kwa huruma, akaongeza kwamba nami nisijilaumu kwa kunusa vibaya siku ile, msiba huziba pua ya mtu.

Baada ya kisima kufungwa alianza kuteka maji kwangu. Kila asubuhi mlango wa ukuta ulifunguka, akaingia na ndoo yake, akanikuta najiandaa kwenda shule. Nilimfungulia bomba. Ndoo ikijaa aliniombea kwa Mungu, dua ndefu, bila haraka, na mimi nilisimama kuitikia amina nikiwa nimekanyaga ukingo wa mfuniko, kwa sababu bomba na shimo vimekaribiana. Nilianza kutoka nyumbani mapema ili nisimkute. Aliniambia nina bidii ya kazi.

Asubuhi moja, Jumamosi, nilitoka uani na mswaki mdomoni nikakuta ndoo tupu chini ya bomba langu. Haikuwa ya Mama mkubwa, yake naijua. Ilikuwa ya bluu, mpya, haijawahi kutiwa kitu. Nilielewa polepole. Mtaani kulikuwa na msiba wa mwanamke, na mtu aliyefiwa hakujua tena aiweke wapi ndoo yake. Au Mama mkubwa mwenyewe alikuwa amewaambia watu kwamba sasa maji safi yako kwa Mwalimu.

Nilikaa chini kwenye saruji. Kinywa kilikuwa kimejaa povu la dawa ya meno, sikuweza kutema wala kumeza. Kama ningeijaza ile ndoo na kunyamaza, basi kisima kingehamia kwangu pamoja na heshima yake yote, na Mama mkubwa angebaki na aibu yangu mpaka aingie kaburini. Na siku hiyo angeoshwa kwa maji ya uani kwangu, na watu wangenishukuru.

Nikasukutua. Nikajaza ndoo, maana maiti hana kosa, nikaifunika kwa kitambaa, nikaibeba nikapita mlango wa ukuta. Mama mkubwa alikuwa amekaa barazani anachambua majani ya mkunazi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikaweka ndoo chini nikamwambia kwamba hiyo ni safi, lakini kisima si choo chake kilichokiharibu. Nikasema ni shimo langu. Nikamwambia ufa, nikamwambia hatua kumi na mbili, nikamwambia fundi alinionya.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nilingoja anipige au anilaani, vyote viwili ningevipokea.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ndimu."

Akainua mkono wa kushoto akaanza kukunja vidole. Sikuelewa anahesabu nini mpaka aliposema. Mke wa fundi cherehani. Mama wa muuza mikate. Kichanga wa nyumba ya kona, aliyeishi wiki moja. Mdogo wake mwenyewe, aliyeletwa kutoka Nzega akiwa mahututi. Akabaki na dole gumba, akalitazama, akanitazama mimi, akalikunja bila kumtaja.

"Siku ile ulinusa," alisema.

"Nilinusa."

Alirudia majani yake. Alichambua fungu zima, vikonyo upande huu, majani upande ule, na mimi nikiwa nimesimama. Aliposema tena sauti yake haikuwa na hasira, na ningeomba iwe nayo. Aliniambia sheikh alisema asiyejua hana kosa, na neno hilo lilimtosha yeye. Langu mimi nikaliulize mwenyewe.

"Milango ile yote nimeipita kuomba msamaha usio wangu," alisema. "Sasa ipite wewe. Kwangu utakuja mwisho, kwa sababu mimi nakujua. Na kwa mama yako utakwenda peke yako."

Akachukua ndoo akaenda kuosha.

Wiki ile ile nilimwita fundi afukue na afunge. Alipoinua mfuniko akachovya mti mrefu, ukatoka na unyevu kidogo nchani tu. Akacheka, kwa vile hakujua, akasema shimo langu ni la ajabu, miaka yote hii bado linakunywa. Nilimwambia amwage zege, na likijaa litaitiwa gari lisimame mbele ya nyumba, watu waone.

Lakini kabla ya fundi nilianza na milango, Jumapili, nyumba ya kwanza kwa mpangilio wa vidole vya Mama mkubwa. Fundi cherehani alikuwa barazani kwake anashona sare za shule. Alipoona ni mimi akaacha kukanyaga cherehani, akasimama kwa heshima, akanipa kiti chake mwenyewe. Akamwita binti yake ndani, akamwambia Mwalimu wake amekuja, alete maji ya kunywa. Binti huyo yuko darasa la tano, nimemchorea mshale ule mwaka huu. Alileta glasi juu ya sahani, imefunikwa kwa kitambaa, akapiga goti kidogo kunipa kwa mikono miwili, akabaki amesimama kando ya baba yake, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.

Nikaishika glasi ile sikuinywa, nikaanza kusema.